Uzoefu wangu: pakiti ya askari wa miguu wa Prussia, kimo cha milimita 28

Pakiti ina sanamu 24 za madini ya bati: askari 20, ofisa mmoja, wabeba bendera wawili na mpiga ngoma. Zinanifaa kwa mchezo wa vita wa mezani wa Leuthen, pambano la tarehe 5 Desemba 1757, ambapo Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, aliwavunja Waaustria kwa kuwashukia ubavu wa kushoto, ingawa walimzidi karibu mara mbili kwa idadi.

Uchongaji ni safi. Vifungo vinahesabika, na pindo za koti zimekunjwa kwa kina cha kutosha kushika rangi nyekundu bila brashi kutelezea kwenye ile bluu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni mkao: wanatembea, gobori limesimamishwa begani. Waliochongwa wakielekeza singe (kisu cha ncha ya bunduki) mbele hawapangiki, maana mtutu wa safu ya nyuma humchoma kisogo aliye mbele. Hawa wanakaa sita kwenye kitako (kipande bapa cha kuwasimamishia) cha milimita 45 kwa 40, watatu mbele na watatu nyuma, na vitako vinne vinatoa mstari wa milimita 180. Bega kwa bega, kama inavyotakiwa.

Ubaya ni singe. Ni nyembamba mno na nyingi hufika zimepinda. Zinyooshe kidogo kidogo kwa kibano, ukishika shina na si ncha. Madini haya yakikunjwa huku na huku mara kadhaa hukatika. Ikikatika usibandike juu kwa juu, haitadumu. Toboa mtutu kwa keekee ya mkono ya milimita 0.5, chomeka kipande cha waya, kisha supagluu. Nyota nne badala ya tano, kwa sababu hiyo tu.

Milingoti ya bendera haimo. Nakata waya wa chuma wa milimita 1.2, urefu wa milimita 100, na kupanua tundu la ngumi kwanza, maana ukilazimisha mkono unapasuka. Bendera ya karatasi ibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao, si supagluu inayoacha madoa, na ikunjwe mawimbi ingali mbichi. Ukingo mweupe wa karatasi upake rangi, la sivyo unaonekana hadi upande wa pili wa meza.

Kabla ya praima (rangi ya kwanza ya msingi), kwangua mistari iliyoachwa na kalibu kwa tupa ndogo, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, acha zikauke kabisa. Paka rangi askari mmoja mmoja kabla ya kuwagundisha kwenye kitako. Vifua vya safu ya nyuma havifikiki tena baadaye. Vanishi isiyong'aa ya kupuliza iogope kwenye unyevu wa Dar au Mombasa, hasa msimu wa mvua: huganda ukungu mweupe juu ya koti la bluu. Mimi napaka kwa brashi.