Vinaili au filamu ya DTF kwa mchapaji wa fulana
Kwa jezi zinazohitaji jina na namba tu, vinaili, yaani plastiki nyembamba ya rangi moja inayogandishwa kwa joto, inatosha kabisa: mashine huikata, mchapaji huondoa mabaki kwa kibano, kisha huibana kwenye kitambaa kwa joto la nyuzi 150 hivi kwa sekunde 15. Mteja akileta nembo yenye rangi nyingi na maandishi madogo, kazi hiyo hugeuka mateso, kwani hata kitundu cha herufi “a” lazima king’olewe kwa mkono. Hapo naichagua filamu ya DTF (“direct to film”, yaani picha huchapwa kwanza kwenye filamu ya plastiki), ambayo huchapwa rangi, ikafuatiwa na wino mweupe na unga wa gundi unaoyeyushwa, na kuhamisha picha nzima kwenye kitambaa kwa mara moja. Hata hivyo, wino mweupe hutuama na kuziba printa isiyotumika kila siku, hivyo mwenye oda chache ni afadhali anunue filamu zilizokwisha kuchapwa.