Akili mnemba ya ofisini: ulipie ipi kwanza?

Kabla hujatoa kadi, fungua risiti ya malipo ya huduma ya barua pepe ya ofisi yako. Huenda umeshalipa.

1. Iliyomo kwenye kifurushi chako. Januari 2025 Google waliiingiza Gemini, akili mnemba yao, ndani ya vifurushi vya biashara vya Workspace (huduma yao ya barua pepe na nyaraka za ofisi) na kupandisha bei. Kwa hiyo pesa inakatwa utumie usitumie. Naiweka juu kwa sababu hiyo tu, na kwa kuwa barua na nyaraka zako ziko humo humo, hakuna kunakili na kubandika.

2. ChatGPT au Claude, programu za kuzungumza na akili mnemba, dola 20 kwa mwezi. Kwa kuandika na kufikiri naona hawa wawili ndio wa kuanzia. Usichague kwa sifa za watu, wapime wote bure kwa kazi yako. Mimi huwapa ujumbe huu: “Mteja anakuja Jumanne saa tatu asubuhi, andaa mwaliko.” Ikiandika 3:00 badala ya 9:00, ujue kila miadi utaikagua mwenyewe. Kisha nawapa ankara iliyopigwa picha kwa simu, yenye mkunjo katikati, nione kama jumla inatoka sawa. Ukishachagua, lipa mwezi kwa mwezi.

3. Copilot ya Microsoft 365, yaani akili mnemba ya ndani ya Word na Excel. Novemba 2023 ilianza kuuzwa kwa makampuni kwa dola 30 kwa kila mtu kwa mwezi, juu ya ada ya Microsoft 365 yenyewe. Kwa bei hiyo, watu kumi ni dola 300. Mnunulie mhasibu anayeshinda kwenye Excel, wengine wasubiri.

4. Programu za kampuni ndogo. Nyingi hukodi akili ya wakubwa na kuipaka rangi. Zipo nzuri kweli, hasa zilizoshika kazi moja kama kunukuu vikao. Lakini mkubwa akiongeza kitufe kimoja, biashara yao imekwisha. Niliwahi kulipia mwaka mzima kwa sababu ya punguzo. Mwezi wa tano tovuti ikazimika, na rekodi zangu za vikao zikaenda nayo. Siku hizi swali langu la kwanza ni moja: kitufe cha kupakua kila kitu changu kiko wapi? Wakijikanyaga, naondoka.

5. Vifaa vya akili mnemba. Hapana. Kampuni ya Humane iliuza AI Pin ya kubandika kifuani kwa dola 699, na dola 24 kila mwezi. Februari 2025 HP ikanunua mali zao kwa dola milioni 116, na tarehe 28 mwezi huo huo huduma ikakatwa. Waliorudishiwa pesa ni wale tu ambao siku zao 90 za kurudisha kifaa zilikuwa hazijaisha.