Seli za 18650 za Luthuli Avenue: ya taa, ya drili na ya kurudisha kaunta

Ukiitisha seli ya 18650, yaani betri ndogo ya lithiamu ya mviringo inayochajiwa, kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, kwa kawaida utawekewa aina tatu mbele yako. Ya kwanza ni ya kiwanda kinachojulikana, imeandikwa 3500 mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) au karibu na hapo. Ya pili nayo ni ya kiwanda, lakini ina 2500 au 3000, na bei yake haipungui ile ya kwanza. Ya tatu ina karatasi ya rangi kali, imeandikwa 9900 mAh, na ndiyo ya bei ya chini kabisa. Zote zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na zote zinaingia kwenye tochi ile ile.

Uamuzi wetu tunautoa mapema. Ya 3500 ni nzuri sana kwa kazi inayovuta mkondo mdogo kwa muda mrefu, ya 2500 ndiyo ya kazi nzito, na ya 9900 usiinunue kwa bei yoyote. Sababu zote ziko ndani ya kopo, yaani gamba la chuma la seli.

Ndani ya seli halisi mna tepe mbili ndefu zilizoviringishwa pamoja kama mkeka. Utepe wa chanya ni karatasi ya alumini yenye unene wa mikroni 15 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), iliyopakwa pande zote mbili unga mweusi wa lithiamu, nikeli, kobalti na manganizi. Utepe wa hasi ni karatasi ya shaba ya mikroni 8 hadi 10 iliyopakwa grafiti. Kati yake hupita utando wa plastiki unaozuia tepe zisigusane lakini unaruhusu ioni za lithiamu (chembe zenye chaji ya umeme) kupita. Upana wa tepe haufiki sentimita 6. Urefu ni kuanzia sentimita 60 hivi hadi karibu mita moja, kutegemea unene wa upako.

Upako huo ndio unaotenganisha 3500 na 2500. Kopo halipanuki, kwa hiyo kila mikroni inayopewa kitu kimoja imenyimwa kingine. Kiwanda kikipaka unga mzito, tuseme mikroni 70 au 80 kila upande, tepe zinakuwa fupi, shaba na plastiki vinachukua nafasi ndogo, na unga unaohifadhi umeme unakuwa mwingi. Uwezo unapanda. Lakini ioni iliyo chini kabisa ya upako, karibu na karatasi ya chuma, ina safari ndefu kupita kwenye vinjia vyembamba vilivyojaa elektroliti (kimiminika kinachobeba ioni), na mkondo ukiwa mkubwa haifiki kwa wakati. Volteji inaanguka na joto linapanda. Kwenye seli ya kazi nzito upako ni mwembamba, mara nyingi karibu nusu ya huo. Tepe zinarefuka, eneo la kukutana kwa chanya na hasi linakuwa kubwa, na kila sentimita ya mraba inabeba mzigo mdogo. Uwezo unaopungua umeliwa na shaba, alumini na utando wa ziada.

Mfano mzuri ni LG MJ1 na Samsung 25R, majina mawili ambayo mafundi wengi wanayajua. MJ1 ina 3500 mAh, inaruhusiwa kutoa ampea 10 mfululizo, na chaji yake ya kawaida ni ampea 1.7. 25R ina 2500 mAh, inatoa ampea 20 mfululizo, na inaweza kuchajiwa kwa ampea 4. Anayesema ya pili ni duni kwa sababu namba yake ni ndogo hajaangalia mstari wa ampea.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana dukani, nalo ni ulimi. Ulimi ni kipande cha chuma kinachochomelewa kwenye sehemu ya utepe iliyoachwa bila unga ili kitoe umeme nje. Wa chanya ni wa alumini na unapanda hadi kwenye kifuniko. Wa hasi huwa wa nikeli na unachomelewa kwenye kitako cha kopo. Mahali ulimi ulipo panabadilisha seli kuliko watu wanavyodhani, na hesabu yake kila mtu anaweza kuipiga. Karatasi ya shaba yenye urefu wa sentimita 70, upana wa milimita 58 na unene wa mikroni 10 ina ukinzani (kipingamizi kwa mkondo) wa miliomu 20 hivi, yaani sehemu 20 za elfu za omu, kutoka ncha hadi ncha. Kwa kuwa mkondo unajiunga kidogo kidogo njia nzima, ulimi ukiwa mwishoni ukinzani unaohesabika ni theluthi ya huo, yaani miliomu 6.8. Ulete ulimi katikati ya utepe, unashuka hadi 1.7. Weka ulimi mmoja kila mwisho, utapata 1.7 vilevile. Kwa mkondo wa ampea 20, tofauti hiyo ni wati 2 za joto linalozaliwa ndani ya seli, ambako halina njia rahisi ya kutoka kwa sababu kila mzunguko umetengwa na mwenzake kwa plastiki.

Mbona basi viwanda visiweke ndimi nyingi kila mahali? Kwa sababu kila ulimi unakula sehemu ya utepe ambayo ingepakwa unga, na unene wake, pamoja na mkanda wa kuufunika ili kingo zake zisitoboe utando, unaacha uvimbe ndani ya mviringo. Grafiti hupanuka kwa karibu asilimia 10 inapojaa lithiamu na kurudi inapotoka. Mviringo unapumua hivyo kila unapochaji na kutumia, na baada ya mizunguko mingi tabaka za ndani kabisa hujikunja kuelekea tundu la katikati, hasa kando ya ulimi. Hapo upako unapasuka na uwezo unapotea. Baadhi ya watengenezaji huingiza kijiti cha chuma kwenye tundu hilo kuzuia hali hiyo. Muundo usio na ulimi kabisa, ambao Tesla, kampuni ya magari ya umeme, iliutangaza mwaka 2020 kwa seli yake ya 4680, unaacha ukingo mzima wa karatasi wazi na kuuunganisha na sahani ya chuma, hivyo mkondo unasafiri upana wa utepe badala ya urefu wake. Ni wazo zuri mno, na tungependa kuliona kwenye kila betri ya drili.

Utepe wa hasi hukatwa mpana na mrefu kuliko wa chanya, kwa karibu nusu milimita hadi milimita moja kila ukingo. Pia huwekewa uwezo wa ziada wa asilimia 5 hadi 20 ili lithiamu inayotoka chanya isikose pa kuingia. Ikikosa nafasi, inaganda juu ya grafiti kama chuma. Mashine ya kuviringisha ikiteleza kidogo tu, ukingo wa chanya unachungulia nje ya hasi, na hapo ndipo lithiamu inapoganda. Hali hiyo hiyo huletwa na chaja kali kwenye seli ya upako mzito, kwa sababu grafiti nene haimezi ioni kwa kasi hiyo. Seli iliyochoka ikifunguliwa maabara, alama zinaonekana kwa macho. Grafiti tupu ni nyeusi tii, iliyojaa ni ya rangi ya dhahabu, na mistari ya kijivu inayong'aa kandokando ya utepe ni lithiamu iliyoganda. Mabaka ya dhahabu kwenye seli ambayo imeshamalizwa chaji yanaonyesha sehemu zilizokatika na kazi. Usijaribu kufungua nyumbani. Elektroliti ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi ya floridi, na utepe uliojaa unaweza kuwaka mkononi.

Sasa ile ya 9900. Gramu moja ya unga bora wa chanya uliozoeleka inatoa kama mAh 200. Ili kufika 9900 unahitaji karibu gramu 50 za unga huo peke yake, nayo seli nzima halisi, pamoja na kopo, shaba na elektroliti, ina gramu 44 hadi 49. Ongeza grafiti ya mAh 350 kwa gramu, ni gramu 28 nyingine. Seli hiyo haiwezi kuwepo kwenye kopo la 18650. Zinazouzwa kwa jina hilo mara nyingi hazifiki gramu 40, na nyingi hazitoi hata mAh 1500. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hii inatembezwa kwa namba.

Kwa hiyo nenda dukani na mizani ndogo ya gramu na mita ya kupimia volti. Seli mpya kutoka kiwandani husoma kati ya volti 3.4 na 3.7. Ikisoma chini ya 2.5, iache hata kama muuzaji anakuahidi kuiamsha kwa chaja. Seli ikishuka sana, shaba ya utepe wa hasi inaanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, na ukiichaji tena shaba hiyo inajijenga upya mahali isipotakiwa, hadi itengeneze shoti. Angalia pia kitako. Vidoa vya kuchomelea au mabaki ya nikeli vinaonyesha imetolewa kwenye betri kuukuu ya laptopu na kuvishwa ngozi mpya. Duka linalokubali upime kabla ya kulipa linastahili wateja. Linalokataa mizani limeshajibu swali lako.

Ukinzani nao unapimika. Ijaze seli, soma volteji, unganisha kinzani cha omu 2 cha wati 10, subiri sekunde kumi, usome tena volteji na mkondo. Gawanya mshuko wa volteji kwa mkondo. Mita iguse ncha za seli zenyewe, kwa maana spiringi za kishikilio cha bei rahisi zinaweza kuongeza ukinzani kama wa seli nzima. Seli nzuri ya kazi nzito hukaa kwenye miliomu 20 na kitu, ya 3500 hukaa kwenye 40 hivi, na ikivuka 100 umeuziwa iliyochoka. Usiguse kinzani, kinachoma.

Kwa matumizi ya Nairobi, ya kwanza kufikiriwa ni ile betri ndogo ya kuweka Wi-Fi hewani stima ikipotea. Seli tatu za 3500 zilizoungwa moja baada ya nyingine zina wati-saa 38 hivi. Ruta inayokula wati 8 itaendeshwa takriban saa nne baada ya kutoa upotevu, na kila seli haitoi hata ampea moja. Hapo upako mzito unafanya kile ulichotengenezewa, na kuweka za 2500 ni kupoteza saa nzima na zaidi. Taa za sola, redio na pawabanki ni hivyo hivyo.

Drili ya seli tano ni kesi tofauti. Ikivuta ampea 20 kwenye seli za miliomu 45, kila seli inapoteza volti 0.9 na kuzalisha wati 18 za joto. Pakiti nzima inapoteza volti 4.5 na drili inakwama kwenye zege. Kwa seli za miliomu 20 upotevu ni volti 2 na joto ni wati 8 kwa seli. Mafundi wanaoweka 3500 kwenye drili wakidhani wamemfaidi mteja wanamrudishia kazi mbovu, tena wamevuka ampea 10 ambazo mtengenezaji ameruhusu.

Ukiunda pakiti, usilehemu moja kwa moja juu ya seli. Ncha ya kulehemu ina nyuzi 350 na utando wa plastiki unaanza kuyeyuka karibu na 130. Tumia mashine ya spoti (inayochomelea kwa vidoa vya umeme) na ukanda wa nikeli halisi wa milimita 0.15. Ukanda wa chuma kilichopakwa nikeli utaujua ukiukwaruza na kuuacha kwenye maji ya chumvi usiku kucha, kwani hupata kutu. Kabla ya yote, bandika pete ya karatasi ngumu juu ya ncha chanya. Kopo lote ni hasi hadi kwenye bega linalozunguka kifuniko, na kinachotenganisha bega hilo na ukanda wako ni ngozi ya plastiki tu. Mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara ya matuta unaitoboa.

Muuzaji akikutolea seli nene ya 32700 ya fosfeti ya chuma (aina nyingine ya betri ya lithiamu), ya mAh 6000, hiyo ni bidhaa nzuri kwa taa ya sola ya nje: inavumilia joto na mizunguko mingi kuliko hizi. Lakini ni ya volti 3.2 na inajaa kwa 3.65. Usiichomeke kwenye chaja ya 18650 inayokwenda hadi volti 4.2, na uulizie bodi ya ulinzi (saketi inayokata umeme chaji ikizidi au ikishuka mno) ya aina yake hapo hapo kaunta, kwa sababu bodi nyingi zilizotundikwa ukutani ni za zile za 4.2.