Kabla hujalipia programu ya kupanga video za HD, uliza kwanza lebo zinakaa wapi

Mwaka jana nililipia programu ya kupanga video, jina lake naliacha, nikawa kila usiku nakaa naandika lebo: hii ya watoto, hii ni 720p (HD ya chini) itafutwe nyingine, hii 1080p (HD kamili) tayari, hii harusi ya dada sehemu ya pili. Miezi mitatu! Kompyuta ikafa. Video zote zilikuwa salama kwenye diski ya pembeni ila lebo hakuna hata moja, kumbe zilikuwa zinaandikwa kwenye databesi ndani ya kompyuta ile ile. Nililia jamani.

Kwa hiyo mambo ya muonekano siyaangalii tena, mi nauliza tu kama programu inaandika lebo kwenye faili la NFO, kale kafaili ka maandishi kanakokaa folda moja na video, maana ukihamisha diski na lebo zinahama.

Ya kwanza kwangu ni Jellyfin na sifichi, naipenda. Ni ya bure, ilitokana na programu nyingine, Emby, Desemba 2018 baada ya Emby kuacha kuweka msimbo wake wazi kwa kila mtu. Kwenye mipangilio ya laibrari unaweka tiki kwenye Nfo, hakikisha tu seva, yaani Jellyfin yenyewe, ina ruhusa ya kuandika kwenye hiyo folda. Halafu filamu moja ukiwa nayo ya 1080p na ya 720p, ziweke folda moja, majina yaanze na jina la folda vile vile pamoja na mwaka, kisha nafasi, kistari, nafasi, 1080p. Zinatokea kama filamu moja, unachagua mwenyewe. Hiyo nafasi pande zote mbili za kistari wengi wanaisahau!

Emby ya pili, nayo inaandika NFO, ila mazuri mengi mpaka ulipie. Kodi bure, inasoma NFO vizuri, kuandika mpaka uende mwenyewe kutoa nakala ya laibrari.

Plex ni nzuri kwa macho lakini lebo zinakaa kwenye databesi yake, na Plex Pass ya maisha, yaani unalipa mara moja upate huduma zake za ziada, Aprili 2025 ilipanda toka dola 119.99 mpaka 249.99. Mara mbili na zaidi!

Kinachoniuma ni hawa wauzaji, ukurasa mzima wanakusifia 4K na rangi, lebo zako zinahifadhiwa wapi hawagusi. Ukipewa siku za majaribio weka lebo moja tu, fungua folda, tafuta faili la .nfo. Kama halipo usitoe hela.