KO2 au Geolandar G015? Matairi ya Prado na Hilux kwa njia za Natron, Serengeti na Mara

Kwa mwenye Prado au Hilux anayetafuta matairi ya A/T, yaani ya lami na porini kwa pamoja, majina mawili hujirudia sana: BFGoodrich All-Terrain T/A KO2 na Yokohama Geolandar A/T G015. Yote mawili ni matairi mazuri, ila kazi zao ni tofauti. KO2 ya muundo wa LT, yaani wa magari ya mizigo midogo, ni tairi la mawe. G015 ya muundo wa kawaida ni tairi la mtu ambaye wiki nzima yuko kwenye lami, kisha siku moja moja anapandisha hifadhini. Wanunuzi wengi huamua kwa kutazama ukubwa wa kashata, yaani vipande vya mpira vilivyojitokeza usoni mwa tairi. Kinachoamua kama utarudi na matairi mazima ni ubavu, na nguvu ya ubavu haionekani kwa macho. Inasomwa.

Kipimo cha asili cha Prado 150 na Hilux nyingi ni 265/65R17. Mbele ya namba hizo zikiwepo herufi LT, tairi limeundwa kwa magari ya mizigo midogo: nyuzi ni nene zaidi, mpira wa ubavuni ni mwingi, na linavumilia upepo mkubwa. Zikikosekana, au ikiwepo P, hilo ni tairi la muundo wa kawaida hata kama kashata zake zinatisha. Baada ya kipimo hufuata namba ya uzito. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 115 ni kilo 1,215, 120 ni kilo 1,400 na 121 ni kilo 1,450. Herufi ya mwisho ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190. Kwa barabara zetu zote mbili zinatosha na kusaza, usilipie zaidi kwa ajili ya herufi hiyo.

LT nazo zina madaraja. C mwisho wake ni PSI 50 (PSI ni kipimo cha upepo), D ni 65, E ni 80. Muuzaji akikuambia E ni "plai kumi", asikufanye udhani ndani mna tabaka kumi. Hicho ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu matairi yalipofumwa kwa nyuzi za pamba; tairi la E la leo lina tabaka mbili au tatu tu ubavuni. Na kwa Prado, E hainunuliwi kwa sababu ya uzito. Gari hilo likijaa watu na mizigo halifiki tani tatu, na tairi la namba 112 linalibeba bila shida. E inanunuliwa kwa unene, ili jiwe lipate kazi.

Hapa ndipo wengi huharibu matairi mapya. LT265/70R17 ya daraja C inabeba kilo 1,120 ikiwa na PSI 50. Tairi la kawaida la kipimo hichohicho, lenye namba 115, linabeba kilo 1,215 kwa takriban PSI 36. Maana yake ni kwamba LT inahitaji upepo zaidi kubeba mzigo uleule. Fundi akivalisha LT kisha akajaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, ambacho kwenye Prado nyingi ni PSI 29, tairi linakimbia likiwa na upepo pungufu. Mabega yanalika, tairi linapata joto, steringi inakuwa nzito, na mwenye gari analaumu tairi. Kwenye lami anza na PSI 35 gari likiwa tupu. Likibeba mzigo, weka 40 hadi 42 nyuma. Kisha jihakikishie mwenyewe: pima asubuhi tairi likiwa la baridi, endesha saa nzima, simama upime tena. LT inapaswa kupanda kwa PSI 6 hivi, tairi la kawaida kwa PSI 4. Ikipanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo. Ikipanda chini ya hapo, ulizidisha.

Sasa mawe. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka hadi Ngare Sero na Ziwa Natron imejaa mawe ya volkano yenye makali, na upande wa Kenya mawe ya aina hiyo yanakungoja ukishaipita South Horr kuelekea Loiyangalani. Jiwe la namna hii mara nyingi halichani tairi kwa kukanyagwa. Tairi la mbele linapita salama kando ya jiwe, dereva anakata steringi, tairi la nyuma linapita kwa ndani zaidi ya lile la mbele, na ubavu unasugua kwenye ncha huku uzito wa gari ukiwa juu yake. Ndiyo maana tairi la nyuma ndilo huumia zaidi, na ndiyo maana kwenye mawe unapita kwa kunyoosha kwanza, unakata kona gari lote likishavuka.

KO2 imejengwa kwa hali hiyo. Mpira wa begani umeongezwa unene na kusogezwa nje ya nyuzi, na kashata zinashuka hadi ubavuni, hivyo ncha ya jiwe inakutana na mpira mnene kabla ya kufika kwenye nyuzi. Kampuni inadai ubavu huu ni imara kwa asilimia 20 kuliko wa KO iliyotangulia. Kwetu sisi hapo ndipo pesa ya KO2 ilipo, na mtu asiyepita njia za mawe anailipia bure. G015 nayo hutengenezwa kwa LT katika vipimo kadhaa. Ukiipata ya gari lako, pengo linapungua sana. Ile ya kawaida usiipeleke Natron ukiwa na spea moja.

Ubavu ukichanika, tazama kwa utulivu. Inua kile kipande cha mpira kilichobanduka kwa kidole. Ukiona mpira mtupu chini yake, kibandike kwa gundi ya mpira ili mchanga usiingie, tairi linaendelea na kazi. Ukiona nyuzi, hata kama upepo haujatoka, lihamishie kwenye spea na ulibadilishe ukifika mjini. Pancha ya uso wa tairi inazibwa kwa kamba ya kuchomeka na kudumu. Ya ubavuni hapana, kwa sababu ubavu unajikunja kila tairi linapozunguka na kiraka kinasukumwa nje. Kamba ya ubavuni ni ya kukutoa porini kwa mwendo wa kutembea tu.

Rasta, yaani yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, ni jambo jingine. Kipande cha kutoka Ngorongoro kushuka hadi lango la Naabi kinajulikana na kila dereva wa utalii. Ukipita hapo na PSI 40 za lami, tairi linageuka gurudumu la chuma: shokapu zinachemka, bushi zinakwisha, na kashata zinamegwa vipande vidogo vidogo na changarawe. Shusha hadi 26 au 28, na usizidishe kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho wa mwendo ndani ya Serengeti pia. Kwenye mawe makali usishushe upepo chini ya 26, maana ubavu unajitokeza nje na kujianika kwa ncha. Kwenye mchanga mzito ni kinyume: 16 hadi 18, ili tairi lijitandaze, bila kukata kona kwa ghafla, la sivyo linaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu ya umeme ya kuchomeka kwenye betri. Ile ndogo ya tundu la kiberiti cha dashibodi ikijaza LT nne inapata joto na kuzima kabla ya kumaliza.

Kwenye tope jeusi la mfinyanzi, tusidanganyane. Ukanda wa magharibi wa Serengeti kuelekea Grumeti na sehemu kubwa za Mara zina udongo ambao ukilowa unavimba na kunata. Mifereji ya KO2 inajaa mapema, na ya G015 mapema zaidi kwa kuwa ni myembamba. Baada ya hapo una matairi manne laini, kama ya kipara, na kukanyaga mafuta kunachimba shimo tu. Shusha hadi 20, tumia gia ya pili ya loo, shika mwendo mmoja bila kusimama, na tope likijaa zungusha tairi kidogo ili lirushwe. Kama kazi yako ni ya huko msimu mzima wa masika, usinunue lolote kati ya haya mawili: nunua M/T, yaani matairi ya tope, au beba minyororo. Wenye Land Cruiser za 70 wanaobaki na 7.50R16 nyembamba si washamba. Tairi hilo linakata tope hadi kwenye ardhi ngumu, na kwenye rimu yake ya ringi lenye tyubu, watu wawili wenye vyuma vya kung'olea wanaweza kuliziba wakiwa chini ya mgunga. Ila ringi ikikaa vibaya inaweza kuruka na kuua, kwa hiyo ijazwe upepo ikiwa imefungwa mnyororo au imelazwa chini ya gari.

Alama ya mlima wenye theluji iliyo ubavuni mwa yote mawili hupigiwa debe madukani. Ni kipimo cha mvuto kwenye theluji. Haikuambii chochote kuhusu mawe wala tope.

Kwenye lami G015 inashinda, na kwa watu wengi lami ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya gari. Ni nyepesi kwa kilo tano au zaidi kwa kila tairi ukilinganisha na KO2 ya daraja E. Uzito huo uko chini ya springi, hivyo unausikia kwenye kila tuta, kwenye breki na kwenye matumizi ya mafuta. Ni tulivu zaidi, na kwenye lami iliyolowa inashika vizuri zaidi. Mpira wa KO2 ni mgumu, na mvua za kwanza zinapokutana na vumbi na mafuta barabarani, acha nafasi ndefu zaidi mbele yako. KO2 nayo inalipiza kwa kudumu. Ya LT huanza na kina cha karibu milimita 12, G015 ya kawaida karibu 10. Alama za kuchakaa zilizo mferejini zimewekwa kwenye milimita 1.6, lakini kwa porini usisubiri. Chini ya milimita 4 tairi la A/T halina tofauti kubwa na la mjini, na miiba ya migunga inapita kirahisi.

Kuhusu kuongeza ukubwa: 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776, 265/70R17 ina 803. Gari linapanda milimita 13 tu, si 27, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Spidomita ambayo awali ilikuwa sahihi ikisoma 100, sasa unakwenda 103. Hilo ni badiliko dogo na lenye faida, maana ubavu mrefu unakunjika vizuri kwenye mawe, na kwa Prado 150 au Hilux kwa kawaida linaingia bila kuinua gari. 285/70R17 ni habari nyingine: kipenyo 831, mara nyingi linagusa madigadi steringi ikikatwa yote, injini inalemewa kwenye miinuko, na spea inaweza isikae mahali pake. Kwa matumizi ya safari hatuoni sababu yake.

Nunua matano, siyo manne. Prado 150 inaendesha magurudumu yote muda wote na ina difu ya katikati; spea ya kipenyo tofauti inaifanya difu hiyo ichapwe kazi kila mita. Hilux ina nafuu, kwa kuwa tatizo linakuja pale unapoingiza foo wili. Zungusha matairi yote matano kila kilomita 8,000, au 5,000 kama njia yako ni ya rasta, kwa sababu yanalika kwa ngazi, kashata moja juu na nyingine chini, na yakishaanza kelele haiishi.

Dukani, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa kiwanda ulio ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwaka 2024 BFGoodrich ilitoa KO3 kuchukua nafasi ya KO2, hivyo KO2 nyingi utakazokuta ni za akiba ya duka. Hilo si kosa, ila bei ishuke. Iliyozidi miaka mitatu tangu kutengenezwa tusingeinunua kama mpya, na tusingekubali seti yenye miaka inayotofautiana. Namba hiyo wakati mwingine iko upande mmoja tu wa tairi, omba ligeuzwe.

Kwa fundi, simamia mambo matatu. Asiweke tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu kwa kisingizio cha kuzuia pancha: tyubu inasuguana na tairi, inapata joto, na ikitoboka upepo unatoka wote kwa mara moja badala ya polepole. Abadilishe valvu zote, na abalansi kwa uzito wa kutosha, kwani LT mara nyingi hutaka vipande vingi kuliko tairi la kawaida. Akihitaji kupita gramu 100, aligeuze tairi nusu mzunguko kwenye rimu ajaribu tena. Nati zifungwe kwa spana ya kipimo cha nguvu ya kukaza, Nm 112 kwa Prado 150 yenye rimu za aloi, wala siyo kwa mashine ya upepo hadi ilie. Kaza tena baada ya kilomita 100, gari likiwa limepoa.