TAHADHARI: Silinda ya hewa "ya 100" ambayo ni ya 80

Ndugu mafundi, mnaotengeneza vinyanyulio vya hewa, someni hii kabla hamjatuma hela.

Mwezi uliopita nilikuwa naunda jukwaa la kunyanyulia jenereta karakanani kwangu. Fremu ya chuma juu ya magurudumu manne ya kuzunguka, mlingoti pembeni, silinda ya hewa ya kusukuma, na rimoti ili mtu asimame mbali na mzigo. Jenereta kubwa ninazoletewa zina kilo 320, jukwaa lenyewe 60. Silinda ya kipenyo cha milimita 100, kwa presha ya bar 6, inasukuma kama kilo 480. Nikaona inatosha na ziada inabaki.

Muuzaji nilimpata Instagram, anasema duka lake liko mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Silinda, valvu na seti ya rimoti, shilingi 640,000. Nikaomba anipimie kwenye video. Akaweka futi kamba juu ya kile kichwa cha mraba cha silinda: "Ona bosi, mia kasoro kidogo hiyo." Nikaridhika. Mjinga mimi, kipenyo kinachohesabiwa ni cha ndani, pale inapotembea pistoni! Kichwa cha silinda ya 80 kwa nje kina kama 95, cha 100 halisi kinafika 115 hivi. Jamaa alinionyesha wizi wake kwenye kamera, nami nikamwambia asante.

Ya 80 kwa bar 6 inatoa kilo 300 tu. Siku ya majaribio ikagoma kabisa. Nikafikiri ni msuguano wa mlingoti, nikapandisha presha hadi bar 8. Kosa langu hilo, silifichi. Ikakwama, ikakwama, halafu ikaruka kama chura. Nikaachia kitufe cha rimoti, jukwaa likaendelea kupanda hadi mwisho, jenereta ikainamia upande wa kijana wangu. Alikuwa ameshasogea, Mungu mkubwa.

Kwa nini halikusimama? Niliagiza valvu ya 5/3 (matundu matano, mikao mitatu) yenye mkao wa katikati uliofungwa, ambayo ukiachia kitufe inaziba hewa pande zote na jukwaa linabaki lilipo. Nimeletewa 5/2 (mikao miwili tu) ya koili mbili, zile sumaku za umeme zinazoisukuma valvu. Kwa nje ni pacha, matundu matano, koili huku na huku, ila hiyo ukiachia kitufe inabaki pale ulipoiacha na hewa inaendelea kuingia. Ubavuni huchorwa miraba: mitatu kwa 5/3, miwili kwa 5/2. Kwenye yangu, juu ya mchoro kulikuwa na stika ya duka. Nilipoibandua, miraba miwili.

Nikampigia. Kwanza akasema kompresa yangu mbovu. Kisha, "mali ikishafungwa hairudi." Kisha akaniblock. Namba niliyolipia ilitoa jina tofauti na analojiita, na hilo nililiona mapema nikapuuza.

Jina la ukurasa silitaji kwa sababu tangu hapo ameshalibadilisha, litawapotosha tu. Mtamjua kwa tabia: stika ya duka kubandikwa juu ya maandishi ya kiwandani, kupima kichwa badala ya ndani, na kila ukitaka kufika dukani anakwambia "nakutumia boda".

Nendeni na venia, kile kipimio cha milimita. Tazameni pia tundu la hewa: silinda nyingi za kawaida za 100 huwa na uzi wa nusu inchi, za 80 ni inchi 3/8. Valvu iungeni kwenye kompresa mkiwa palepale kaunta, muachie koili muone hewa inafanya nini. Na hata mkipata mali halali, wekeni pini ya chuma kwenye mlingoti kabla mtu hajaingiza mkono chini ya jukwaa. Hewa inabonyea, haishiki mzigo kama jeki ya mafuta.

Jana nimeiona picha ileile ya silinda kwenye ukurasa mwingine, futi kamba ikiwa palepale juu ya kichwa. Bei imeshuka elfu thelathini.