Vinyunyizio vya moto vimenifaa, waliovifunga hawakunifaa

Mtu akiniuliza habari za vinyunyizio vya moto nyumbani, siku hizi naanza na ufunguo. Mengine baadaye.

Ilikuwa usiku, miezi kadhaa iliyopita. Waya wa eksitensheni nyuma ya kochi ulishika moto, na sponji ikishawaka haikupi nafasi ya kufikiri. King'ora cha moshi kiliniamsha. Nafika mlango wa sebule, nikasikia kitu kimepasuka darini: kile kichupa chekundu cha kioo kinachozuia maji kwenye kinyunyizio. Maji yakamwagika juu ya kochi. Kilifunguka kinyunyizio kimoja tu. Vya vyumbani na cha koridoni havikutoa hata tone. Kwa hiyo wanaowatisha watu kwamba moshi wa jikoni utalowesha nyumba nzima waache. Moshi hauvifungui. Kichupa kile hungoja joto la nyuzi 68 hivi, na kila kimoja hupasuka kwa joto linalokifikia chenyewe.

Hadi namaliza kuwatoa watoto nje, moto ulikuwa umelala. Hapo sina neno baya.

Lakini maji! Kichupa kikishapasuka, maji hayakomi mpaka mtu afunge valvu. Yangu ilikuwa nyuma ya kijimlango chenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao fundi wa kampuni iliyoviweka vinyunyizio. Hakuna aliyewahi kunieleza. Nikampigia huku miguu yangu imo majini. Akanijibu: "Mama, si moto umezimika? Unalalamika nini sasa?" Nalalamika nini! Nikamwambia nataka ufunguo. Akasema ofisi inafunguliwa asubuhi, akakata simu.

Kinyunyizio kimoja hutoa kama lita 50 kwa dakika. Wazimamoto ndio waliokuja kukata kufuli, baada ya nusu saa hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Najua valvu hufungiwa kufuli ikiwa wazi, ili mtu asije akakata maji bila kujua. Ni sawa kabisa. Basi ufunguo wa pili ukae ndani ya nyumba, na mwenye nyumba aonyeshwe, aifunge na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe. Ni kazi ya dakika tano, na hawakuifanya.

Kesho yake niliapa kuving'oa vyote. Sakafu imevimba, godoro la wageni limeloa, vitabu vya watoto vimekuwa uji. Halafu nikalitazama pazia lililokuwa karibu na kochi. Limeungua pindo tu. Nililishika lile pindo kwa muda mrefu.

Siving'oi. Vifaa vyenyewe navipa nyota zote, na nyumba nyingine nikijenga nitaviweka tena. Kampuni siipi hata moja. Juzi wameniletea ankara ya kubadilisha kile kilichopasuka. Silipi mpaka fundi yule aje mwenyewe, asimame pale sebuleni, anieleze ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa unafanya nini mfukoni mwake.